Kabla Hujakata Kitabu cha Mama

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wasomaji waliokutana maktabani

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuskani kitabu nyumbani ili kisomwe kwenye kifaa cha kielektroniki. Nitaanza na kosa langu.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, kwa hivyo nilimnunulia Kindle azikuze apendavyo. Kitabu alichokitaka hakiuzwi mtandaoni. Kilikuwa kabatini, chake na marehemu baba. Nilikikata mgongo kwa kisu ili kurasa zipite upesi kwenye skana. Jioni moja tu, kazi ikaisha, nikafuta picha. Mama alisoma kurasa tatu, akauliza, "Na maandishi ya baba yako yako wapi?" Baba alikuwa akiandika pembeni kwa penseli. Programu ya kutambua herufi ilikuwa imeyaruka. Kitabu chenyewe kikabaki makaratasi yaliyofungwa kwa mpira.

Kwa hivyo ndugu zangu, msikate. Simu yatosha. Kaa karibu na dirisha mchana, zima flashi, egemeza kitabu kikiwa nusu wazi, upige kurasa za kulia zote, kisha za kushoto. Mwenye skana aiweke kwenye nukta 300 kwa inchi. Ukiishia kwenye picha, kioo cha inchi 6 kitakuonyesha ukurasa mzima uliofinyaa. Geuza picha ziwe maandishi. Tesseract ni ya bure na inakijua Kiswahili. Halafu usome mwenyewe, hasa penye ng', maana alama ile hupotea, na "ng'oa" si "ngoa". Picha usizifute.

Sheria yetu ya hakimiliki humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962, hivyo muda wake hapa Kenya ulikwisha mwishoni mwa 2012. Vitabu ambavyo bado vinalindwa, nakala yako isitoke nyumbani. Kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, hata la kanisa au la chama, ni kumnyima mwandishi jasho lake.

Yale makaratasi nimeyapiga picha upya. Mwandiko wa baba mimi siuwezi. Mama huukuza kwenye simu, ananisomea, nami nachapa. Tumefika ukurasa wa 41.