Rejesho Lisilojua Ukame

Leo nina neno na wanaopanga masharti ya mikopo ya akina mama wa Marungu.

Huku kwetu Marungu, tambarare iliyo katikati ya mbuga mbili za Tsavo, mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na mwaka mwingine hata hiyo hatuioni. Ikinyesha na mahindi yakabeba, ndovu huingia usiku mmoja, kukicha umebaki na mabua. Lakini rejesho la mkopo linadaiwa kila wiki! Mtindo huo ulienezwa na Benki ya Grameen ya Bangladesh, nchi ya mito na mafuriko. Nani aliupima kwa ukame wetu?

Na si mkulima tu anayebanwa. Tazama kiondo. Mama husokota katani pajani, huitia rangi, huianika, ndipo aanze kitako. Husuka kati ya kuteka maji na kutafuta kuni, na akimaliza bado hajapata mnunuzi. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa Novemba 2022, ulimpa mkopaji binafsi siku 14 za kulipa. Siku hizo zinamtosha muuza nyanya wa mjini Maungu, anayenunua asubuhi akauza jioni kandokando ya barabara kuu. Msukaji zinamfunga. Mfuko wa Uwezo wa 2013 ulivipa vikundi miezi 6 kabla ya kuanza kulipa. Hapo mtu alifikiri.

Kwenye mkopo wa kikundi, mmoja akishindwa, wenzake humlipia, maana waliwekeana dhamana. Sufuria hubebwa, mbuzi hufunguliwa kamba, na walioitana dada wanapishana njiani bila salamu. Mimi hilo linaniuma kuliko hesabu yoyote ya benki.

Na akina mama hawa wanajua kukopeshana. Kwenye vyama vyao wanaweka hisa, wanakopeshana papo hapo, faini ya kuchelewa inaingia sandukuni, na faida wanagawana mwisho wa mwaka. Mwenzao akifiwa au shamba likiliwa, wanakaa, wanamsikiliza, wanamsogezea tarehe. Afisa wa mikopo hana ruhusa hiyo.

Basi apewe. Kwa mkulima, rejesho kubwa liwekwe Januari na Februari, mavuno ya vuli yakishaingia. Kwa msukaji, lisubiri kiondo kiuzwe. Na kabla karatasi ya masharti haijapigwa muhuri mjini Voi, ipelekwe kwanza Marungu, mweka hazina wa chama aisome.