Upungufu wa Fedha si Wizi Mpaka Uthibitishwe

Maneno ya hotuba kwa wenye makampuni, makarani na washika fedha



Kila mwenye kampuni, iwe kubwa au ndogo, huiogopa siku ambayo hesabu ya daftari na fedha za sandukuni hazitapatana. Siku hiyo ifikapo, jina la karani ndilo litajwalo kwanza, maana wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Methali hiyo ni ya kweli, na makarani wezi wapo. Kwa sheria ya Kenya, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, mtumishi aliyemwibia mwajiri wake aweza kufungwa hadi miaka 7. Lakini liko jambo jingine lisahauliwalo upesi: upungufu wa fedha ni jambo la kuulizwa, na wizi ni mojawapo tu ya majibu yake.

Mfano mkubwa watoka Uingereza. Huko ofisi nyingi ndogo za posta huendeshwa na mawakala, watu wenye maduka mijini na vijijini, ambao huuza stempu, hupokea na kulipa fedha, kisha hutoa hesabu kwa kampuni ya Posta. Tangu mwaka 1999 kampuni hiyo iliwapa mtambo wa kompyuta uitwao Horizon uwe ndio daftari lao. Haukupita muda mrefu, upungufu ukaanza kuonekana mahali pengi. Wengi waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa kwamba hapakuwa na mwingine mwenye shida kama yao.

Wakala mmoja, Bibi Jo Hamilton wa kijiji cha South Warnborough, alieleza jinsi alivyoona upungufu ukiongezeka maradufu mbele ya macho yake, huku akifuata maagizo aliyopewa kwa simu. Mwishowe alidaiwa zaidi ya pauni 36,000. Mchunguzi wa Posta aliandika kwamba hakuona ushahidi wa wizi; hata hivyo Bibi huyo alishtakiwa kwa wizi. Kwa kuogopa kifungo alikiri kosa la kuandika hesabu zisizo za kweli, na mwaka 2008 akahukumiwa. Majirani zake kijijini walimchangia fedha za kulipa deni lisilokuwa lake.

Wala hakuwa peke yake. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na wengi wao walishtakiwa na kampuni ya Posta yenyewe. Wako waliofungwa, na wako waliofilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu huko London iliamua kwamba mtambo wenyewe ulikuwa na kasoro ziwezazo kuonyesha upungufu usiokuwapo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, Bibi Hamilton akiwa mmoja wao, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu za mamia ya wengine.

Je, kosa lilikuwa wapi? Mtu alichunguzwa, lakini mizani iliyompima haikuchunguzwa. Mdai, mchunguzi na mshtaki walikuwa kampuni ile ile moja. Tena kila wakala alishughulikiwa peke yake, hata kampuni isijiulize ilivyopasa: imekuwaje watu wengi waaminifu wageuke wezi kwa wakati mmoja?

Basi mwenye kampuni afanyeje? Kwanza, madaftari, stakabadhi na hati za benki zifungiwe siku ile ile, zisiguswe na mshukiwa wala mshtaki. Pili, ilinganishwe stakabadhi aliyopewa mnunuzi, na daftari la fedha, na taarifa ya benki. Fedha zilizokatiwa stakabadhi nazo hazikufika benki zaonyesha mahali pa kuuliza. Tarakimu iliyoandikwa mara mbili huenda ikawa kosa la kalamu tu. Tatu, mashine au kompyuta ya hesabu ikaguliwe na fundi asiye mwuzaji wake. Nne, matawi mengine yaulizwe kama yamepatwa na jambo kama hilo. Tano, mchunguzi awe mtu asiyeshika ufunguo wa sanduku lile. Sita, asilazimishwe mtu kulipa wala kutia sahihi ili mambo yaishe, kwa maana mwenye hofu huweza kukiri hata asilolitenda.

Kisha mshukiwa asikilizwe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaruhusu kumwachisha kazi mtu ashukiwaye kwa sababu za kutosha kuwa amemtendea mwajiri wake kosa la jinai. Lakini kifungu cha 41 chaagiza kwamba aelezwe sababu hizo kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi amchaguaye mwenyewe, na maneno yao yasikilizwe kabla ya uamuzi. Mwajiri aliyemfukuza mtu isivyo haki aweza kuamriwa na mahakama kulipa fidia hadi mishahara ya miezi 12.

Karani naye ana wajibu wake. Asipokee sanduku bila kuhesabu fedha mbele ya yule amwachiaye. Aonapo upungufu, hata wa shilingi chache, aandike barua siku ile ile na kubaki na nakala; asiufiche kwa tarakimu za uongo, maana hapo atakuwa amejitilia kosa ambalo hakuwa nalo.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Uchunguzi wa taratibu hauwalindi wezi. Mwizi aliyepatikana kwa ushahidi kamili hana pa kukimbilia mahakamani. Bali akifungwa asiye na hatia, mwenye mali hupoteza mtumishi mwema, na tundu lililopitisha fedha zake hubaki wazi.