Nani Amlipie Paa Nunga?

Bamvua likipwa pale Uroa, hapa Unguja, kina mama huwa wameinama kwenye mashamba ya mwani, na hatua chache mbele yao sululu na vitwitwi wanadona matopeni. Ndege hao wamekimbia baridi ya kaskazini. Mgeni huwapiga picha akiwa barazani mwa hoteli, na hapo hakatiwi tiketi.

Kule bara, mwindaji mwenye kibali hulipa ada kwa kila mnyama, na fedha za uwindaji zililibeba pori la akiba la Selous kwa miaka mingi. Sisi hatuna tembo wala simba. Tuna paa nunga, na wasasi wetu na mbwa na nyavu zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 paa nunga wa Unguja walikadiriwa kufika 5,000. Mwaka 1999 makadirio yalishuka hadi kama 600. Misitu ilikatwa kwa kuni na makonde, na paa wengi wakaishia kuwa kitoweo. Kwa hali hiyo, kumtoza msasi ili aendelee kuua ni kula mbegu ya kupandia.

Alipe anayetazama. Msitu wa Jozani umeshatuonyesha njia: anayekuja kumwona kima punju hulipa kiingilio, na sehemu ya mapato imewafikia wanavijiji na wakulima ambao kima huwalia mazao. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko tulivyodhani.

Ila hifadhi ile, tangu 2004, inaitwa Jozani na Ghuba ya Chwaka. Tiketi inakatwa msituni. Mikoko iko ghubani, na anayekatazwa kuikata ni mwanakijiji aliyekuwa akipikia kuni zake. Huyo ameshalipa, tena kila siku, na risiti hapewi. Mgeni wa hoteli tayari hutozwa ada ya miundombinu kwa kila usiku anaolala. Naiomba Serikali itenge fungu la ada hiyo, liende moja kwa moja kwenye shehia za ghuba, Uroa ikiwemo, na hesabu zibandikwe ukutani kwa sheha kila mtu azisome.

Na msasi tusimwache nje. Msitu wa Kiwengwa-Pongwe uko jirani na Uroa. Msasi anajua paa hupita wapi alfajiri, na mtego hufichwa wapi. Apewe sare ya ulinzi na mshahara wa kila mwezi, kutoka fungu hilohilo.