Askofu Kataliko na bei ya ndugu

Somo: Mwanzo 37, 12-28
Mahubiri ya redio, siku ya tatu, tarehe 4 Oktoba 2023

Tunasema nanyi mlio nyumbani, nanyi mlio shambani na redio ndogo mfukoni, na zaidi ninyi mnaolala katika madarasa ya shule na chini ya mahema, mliokimbia kutoka Bwito na upande mwingine wa Rutshuru. Tunajua wengi wenu mnatusikia kwa simu ya jirani. Mungu awalinde.

Leo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwetu sisi wa jimbo la Butembo-Beni tarehe hii ina jina lingine pia. Tarehe 4 Oktoba 2000, huko Roma, moyo wa Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko ulisimama. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana miaka 23. Pengine amebeba bunduki, pengine amebeba mtoto wake mgongoni na godoro kichwani. Hakumjua mzee huyu. Kwa ajili yake tutaanza mbali kidogo, wazee mtuvumilie.

Alikuwa mtoto wa jimbo hili, aliyezaliwa Lukole mwaka 1932. Alipewa upadri mwaka 1958, na mwaka 1966 akafanywa askofu wetu. Alituchunga zaidi ya miaka 30. Baba na mama wengi wanaotusikiliza walipewa Kipaimara kwa mikono yake. Chuo kikuu cha Graben kule Butembo, ambako watoto wetu wanasoma, kilianzishwa mwaka 1989 wakati wake, katika nchi ambamo serikali ilikuwa imeshindwa hata kulipa waalimu wa shule za msingi. Hakungoja mtu wa mbali aje kutujengea.

Mwaka 1997 Baba Mtakatifu akamtuma Bukavu. Wandugu, tuelewe alitumwa mahali gani. Askofu Mkuu aliyemtangulia, Christophe Munzihirwa, aliuawa kwa risasi katika mji ule tarehe 29 Oktoba 1996. Kiti kile kilikuwa na damu. Mtu wa miaka 65 karibu, aliyekwisha kufanya kazi yake, angeweza kuomba kubaki kwao na kupumzika. Akaenda. Mwaka uliofuata vita vya pili vikaanza, na Bukavu ikawa chini ya waasi wa RCD na majeshi ya kigeni yaliyowaunga mkono.

Basi ikafika Noeli ya mwaka 1999. Usiku ule Askofu Mkuu aliandikia waumini wake barua. Aliianza na nabii Isaya, sura ya 40, pale Mungu anapoagiza watu wake wafarijiwe. Lakini faraja yake haikuwa ya maneno matamu. Alisema wazi kwamba mataifa ya nje yanapigana kwa mali ya nchi yetu, na kwamba mali ile ile iliyopaswa kuponya wagonjwa na kusomesha watoto ndiyo inanunua silaha za kutuua. Alisema kodi zimekuwa kamba shingoni, hata kwa mama mwenye meza ndogo sokoni. Alisema watu wenye silaha wanaingia nyumbani usiku. Kila mtu alikuwa anayajua mambo hayo, na kila mtu alikuwa anayasema kwa sauti ya chini, jikoni, mlango umefungwa. Yeye aliyasema kanisani, na jina lake chini ya karatasi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapomkumbuka nusu. Tunapenda kukumbuka kwamba aliwashtaki wageni. Ni kweli, aliwashtaki. Lakini katika barua ile ile alitugeukia sisi. Alisema wageni hawafanyi peke yao, kuna Wakongomani wanaowasaidia. Akasema tumeanguka chini sana, hata kuna watu kati yetu wanaomtoa ndugu yao kwa noti ya dola kumi au ishirini.

Dola ishirini. Turudi kwenye somo letu la leo.

Wana wa Yakobo walimwona Yosefu anakuja kutoka mbali, wakamvua kanzu yake, wakamtupa ndani ya shimo lisilo na maji. Halafu Maandiko yanasema jambo ambalo tunalipita haraka: waliketi, wakala chakula. Ndugu yao yuko shimoni, pengine wanasikia sauti yake, nao wanapitishana mkate. Kisha Yuda akapata wazo. Tutapata faida gani tukimuua? Afadhali tumuuze kwa wasafiri, mikono yetu isimguse. Bei ikawa vipande 20 vya feza. Yuda alijiona mwenye huruma siku ile, maana hakuua mtu. Aliuza tu.

Wapendwa, vita vya kwetu vimejaa watu kama Yuda huyu. Sisi wa Kanyabayonga tunaishi juu ya barabara. Kila anayepanda mlima wa Kabasha kutoka Rwindi anapita kwetu, mwenye gari, mwenye pikipiki, mwenye chukudu, mwenye bunduki. Tumeona vikundi vingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, vikibadilisha majina. Lakini yule anayeandika jetoni kwenye bariera si lazima awe na silaha. Mara nyingi ni kijana wetu mwenye mwandiko mzuri. Anayeonyesha nyumba ya mwenye ng'ombe ni jirani wa mwenye ng'ombe. Aliyesema barabarani kwamba mfanyabiashara fulani anasafiri kesho asubuhi na pesa alikula naye jana. Hawa wote wangeulizwa leo, wangesema kama Yuda: mkono wetu haukumgusa.

Askofu Kataliko alielewa kwamba bunduki haiwezi kutawala mji peke yake. Inahitaji mikono ya watu: wa kuandika, wa kubeba, wa kuonyesha, wa kupiga makofi. Mikono hiyo ikiondoka, bunduki inabaki na risasi zake tu. Kumbe njia ya kupigana bila silaha ilianzia hapo, kwa kuondoa mikono yetu.

Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia kurudi kwenye kiti chake, wakampeleka Butembo. Walidai yeye ndiye anayechochea watu, kwa sababu wakati huo raia wa Bukavu walikuwa wamefunga mji, maduka na masoko, kuonyesha kwamba wamechoka. Walifikiri kondoo wasio na mchungaji watanyamaza. Badala yake Wakatoliki wa Bukavu walifunga makanisa. Wandugu, fikirini jambo hilo. Misa zilisimama, kengele zikanyamaza, shule zikafungwa. Kwa Mkristu kukosa Ekaristi ni njaa, nao walikubali njaa hiyo ili isionekane kwamba maisha yanaendelea kama kawaida. Hakuna aliyeamriwa kutupa jiwe.

Kuna wanaotuambia kwamba silaha ya kukataa ni ya watu wa nchi zenye sheria. Ukweli ni kwamba iliumiza hata huko. Mwaka 1955, katika mji wa Montgomery kule Marekani, watu weusi walilazimishwa kukaa nyuma ya basi na kuwapisha wazungu. Walikataa kupanda. Walitembea kwa miguu kwenda kazini kwa siku 381, mvua na jua, wakiongozwa na mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King. Nyumba yake ilitupiwa bomu mke na mtoto wakiwa ndani. Mwishoni mahakama kuu ya nchi iliwapa haki. Naye aliuawa mwaka 1968. Hatuwezi kuwadanganya kwamba njia hii inalinda mwili.

Kijana mmoja alituambia baada ya misa: "Wababa, askofu hakuwa na mke wala watoto wa kulinda. Ni rahisi kwake." Tulifikiri sana juu ya neno hilo. Kijana huyo hana ujinga. Ameona kijiji chao kikichomwa. Hatumwambii kwamba askari wa nchi asilinde raia, hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo tunayomdai. Tunamwambia hili tu: tangu tulipoanza kusema kila kijiji kiwe na bunduki zake, bunduki zimeongezeka, na bariera pia zimeongezeka, na mama anayetoka Kirumba na mzigo wa viazi analipa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Nani kati yenu atabisha? Na juu ya urahisi, Padri Vincent Machozi, Mwasumpsionisti, naye alikuwa mtoto wa nchi hii. Alitangaza mauaji ya watu wetu mbele ya dunia. Walimuua kule Vitungwe tarehe 20 Machi 2016. Si rahisi kwa mtu yeyote.

Miezi saba Askofu Mkuu alikaa Butembo, nyumbani lakini amefungwa. Katikati ya Septemba 2000 walimwacha arudi, na Bukavu ikatoka barabarani kumpokea. Hakukaa nao hata mwezi mmoja. Alikwenda Roma kwa mkutano, na huko akafa. Alizikwa Bukavu, katika mji ambao si wa kwao, kati ya watu ambao hawasemi kinande. Mwaka uliofuata Wakristu wapatao 300 walitoka Ulaya, wengi wao Waitalia, wakaja Butembo kukaa na watu wetu na kuomba amani katikati ya vita. Walitaka kwenda Bukavu kwa ajili ya Munzihirwa na Kataliko. Haikuwezekana, wakaja kwetu.

Tunawaambia jambo lililotupata sisi wenyewe hapa redioni, ili msidhani tunahubiri kutoka mahali pa juu.

Siku chache zilizopita mtu alitujia na karatasi. Alisema ni tangazo. Ninyi mnajua matangazo yetu yanalipiwa: kilio, mbuzi aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa. Tukaisoma. Ilikuwa na majina matatu ya watu wanaokaa hapa mjini, mmoja wao mama mwenye watoto, na chini yake maneno kwamba raia wajihazari nao kwa sababu ya lugha wanayosema nyumbani na ndugu walio nao upande wa pili. Juu ya karatasi aliweka noti moja ya dola ishirini. Noti nzuri, isiyopasuka, ya kupokelewa popote.

Tungependa kuwaambia kwamba tulimfukuza palepale. Hatukufanya hivyo. Jenereta ilikuwa haina mafuta tangu jana yake. Mmoja wetu alisema labda tusome bila majina. Mwingine alisema kama ni uongo, wenyewe watakuja kujitetea, nasi tutawapa nafasi. Mwingine alisema sisi hatumgusi mtu, sisi tunasoma tu. Tulizungumza nusu saa nzima, chai iko mezani, mkate uko mezani. Hapo mzee anayetusaidia kufungua milango ya studio asubuhi, ambaye hakuulizwa kitu, akatoka nje bila neno. Tukatazamana.

Hatukuyasoma majina yale. Karatasi tuliichoma, na ninyi mnaotaka kujua majina msije kutuuliza. Mchana ule redio ilinyamaza kwa kukosa mafuta. Wengi mlipiga simu kuuliza kuna nini, na hiyo ndiyo sababu. Wale watatu tuliwatembelea nyumbani, jioni, kimyakimya, wajue kwamba wana ndugu. Mama yule alitupikia sombe.

Noti bado iko kwetu, ndani ya bahasha, kwenye kabati la studio. Mwenyewe anajua njia. Aje kuichukua saa yoyote, mlango uko wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na akitaka kukaa kidogo kuongea nasi, tutamkaribisha chai.