Siku Moja Rubondo

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Geita)

 Nimeombwa nieleze safari yetu ya kisiwa cha Rubondo. Nitasema machache.

Tuliondoka Nkome alfajiri kwa boti. Tulipokaribia kisiwa, furukombe alikuwa akilia juu ya mti mkavu. Ufukweni tuliona viboko, mamba aliyeota jua na fisi maji wawili. Msituni mbega walituchungulia kutoka juu. Penye matete tulimwona nzohe, akasimama kidogo, kisha akatokomea.

Sokwe hatukuwaona; tulisikia sauti zao tu. Lakini habari yao ndiyo iliyonigusa. Wao si wenyeji wa kisiwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani aliwaleta sokwe 17, wengi wao wakiwa wamefungiwa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walijifunza wenyewe kutafuta chakula na kujenga viota, wakazaa, na leo wajukuu wao ni wa mwituni kabisa. Faru walioletwa pia kisiwani hawakubahatika. Majangili waliwamaliza.

Rubondo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Ina kilomita za mraba zipatazo 456, na karibu nusu yake ni maji. Humo uvuvi wa biashara hauruhusiwi, hivyo sato na sangara huzaliana kwa utulivu. Samaki hajui mpaka. Akikua hutoka, akaja kwenye nyavu zetu.

Tukiwa njiani kurudi, mzee mmoja mvuvi aliniuliza, "Mwanangu, ada ya shule italipwa na furukombe?" Swali lake ni la haki, na sikuwa na jibu la haraka. Nami nikamuuliza, "Baba, ulipokuwa kijana ulikuwa ukivua wapi?" Alinyamaza, kisha akasema, "Palepale ufukweni." Leo anachoma petroli saa nzima kabla ya kutupa wavu.

Ndugu zangu, kokoro linakomba samaki wachanga pamoja na wazazi wao. Mkulima gani anakula mbegu zote, halafu anasubiri mvua? Na ninyi wachimbaji, zebaki mnayokamatia dhahabu ikiachwa ovyo huingia mtoni, ikafika ziwani, ikaingia kwa samaki, ikarudi kwenye sahani ya mtoto wako.

Naomba kila kikundi kijadili mambo mawili. Kwanza, mkopo wa nyavu halali kwa mwanachama atakayeacha kokoro, maana kumwambia aache bila kumsaidia ni kumwongezea njaa. Pili, kuoshea dhahabu mbali na vijito.

Sokwe waliotoka kifungoni waliweza kuanza upya. Sisi tutashindwaje?