Kaa wa Maji Baridi na Usubi wa Kodera

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wavuvi na wakulima wa kisiwa cha Mfangano)



Nimekuja kuwaelezeni habari za kaa. Najua baadhi yenu mtacheka, maana mvuvi akimkuta kaa wavuni humponda papo hapo, akaona amelipiza kisasi cha nyuzi zilizokatika. Nawaombeni mnivumilie kidogo.

Kaa wetu si sawa na ndugu yake wa pwani. Watoto wa yule huelea baharini wakiwa na umbo jingine kabisa. Wa kwetu, jike hubeba mayai chini ya tumbo lake, nayo yakianguliwa hutoka kaa wadogo kamili, na mama huendelea kuwabeba kwa muda. Chakula chake ni majani yaliyooza, wadudu, konokono na mizoga. Kwa hiyo ni mfagiaji wa maji asiyedai mshahara. Naye huliwa na fisi maji.

Lakini habari niliyoijia hasa ni ya ng'ambo, katika bonde la Kodera karibu na Oyugis, ambalo leo limo katika Kaunti hii yetu ya Homa Bay. Huko zamani watu wengi walipofuka. Sababu ilikuwa usubi, inzi mdogo mweusi ambaye kwa kuuma watu huwaambukiza minyoo. Minyoo hiyo huwasha ngozi, na mwishowe huharibu macho. Ilijulikana kuwa usubi huzaliwa katika maji yaendayo kasi, lakini mawe na majani ya mitoni yalipopekuliwa, watoto wa usubi wa aina ile hawakuonekana. Mwaka 1946 Bwana Garnham na Bwana McMahon waliwaangamiza usubi wa Kodera kwa kutia D.D.T. mitoni, hali bado hawajui watoto wao hukaa wapi. Ndiyo kumpiga mwizi gizani na kumpata!

Mwaka 1950 ndipo Bwana McMahon na Bwana van Someren walipofumbua fumbo hilo. Viluwiluwi vya usubi vilikuwa vimejishikiza juu ya gamba la kaa, vikisafiri naye kama abiria katika mtumbwi. Katika miaka ya 1950 mito mingine ya Nyanza ikatiwa dawa, na usubi wa aina ile wakatoweka huko. Kaa wakabaki.

Je, kaa wa ziwani aweza kutuletea upofu hapa? Hawezi. Viluwiluwi vile havikui ila katika maji yaendayo kasi, na tena ni usubi aumaye, si kaa.

D.D.T. haitiwi tena mitoni, kwa kuwa hukaa miaka mingi udongoni na katika mafuta ya samaki. Basi nanyi msioshe pampu za dawa za mashamba katika vijito viteremkavyo kutoka Soklo. Na kaa akinaswa wavuni, mshikeni kwa nyuma ya gamba, ambako magando hayafiki, mkamtazame tumboni. Akiwa jike mwenye mayai, mrudisheni majini kwanza, ndipo mshone wavu.