Kustaafu Si Kustaafishwa na Mungu

Leo nataka tuzungumze juu ya watu walio wengi katika makanisa yetu, lakini hawatajwi sana katika mahubiri. Ni wale waliostaafu kazi. Kama unayo Biblia karibu, fungua kitabu cha Yoshua, sura ya 14. Tutafika hapo punde.

Katika nchi yetu, mwaka 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Lakini iwe 55 au 60, siku yenyewe hufika. Karamu hufanywa, hotuba nzuri husemwa, na mzee hupewa zawadi ya blanketi au saa ya ukutani. Kisha huja Jumatatu.

Ifikirie Jumatatu hiyo. Mwalimu mmoja wa vilima vya Taita aliamka saa kumi na moja alfajiri, kama desturi yake ya miaka mingi. Akavaa koti, akaketi. Hapakuwa na shule ya kumngoja. Simu yake, ambayo zamani haikunyamaza, ilikaa kimya mezani mchana kutwa. Ikawa hivyo juma la kwanza na la pili, hata miezi miwili. Ndipo akamwambia mkewe, "Mimi sasa ni kalenda ya mwaka jana. Bado imening'inia ukutani, lakini hakuna anayeitazama."

Mama yule akamjibu, "Mwalimu, wewe umestaafu, lakini mfereji haukustaafu. Umeziba tangu juzi, na mboga zinakauka. Chukua jembe."

Akachukua jembe. Na huko Taita, ndugu yangu, maji ya mfereji hupita shamba hata shamba. Asiyezibua sehemu yake humkausha jirani aliye chini. Siku ile jirani wa chini alikuja kushukuru.

Tangu hapo juma la mzee huyu likaanza kujaa. Jumatatu ni mfereji. Jumatano mjane mmoja huleta simu yake asomewe ujumbe, ajue kama fedha za Inua Jamii zimeingia, zile zinazotolewa tangu mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Alhamisi huwatembelea wagonjwa. Ijumaa jioni watoto wa jirani huja na madaftari yao ya hesabu. Jumamosi, kama kuna mazishi, yeye huwahi mapema kupanga viti. Hakuna hata moja ya kazi hizo yenye mshahara, wala cheo, wala sahihi ya mkubwa. Lakini jiulize: mzee huyu asipotokea, ni nani atakayepungukiwa? Ni mjane, ni mgonjwa, ni mtoto.

Sasa tumtazame Kalebu. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi. Miaka 45 ikapita. Akiwa na miaka 85 alisimama mbele ya Yoshua, wala hakuomba kiti cha kivulini. Aliomba nchi ya milima, yenye miji ya ngome na watu wa kuogopwa. Naye akapewa Hebroni. Umri wake uliongezeka, lakini ahadi ya Mungu haikuzeeka.

Huenda wewe unayenisikiliza unasema, "Kalebu alikuwa na nguvu. Mimi magoti yamekwisha." Vema, tusidanganyane. Hata yule mwalimu alipatwa na ugonjwa wa goti, akalala juma zima. Alhuzunika, akidhani ameanza tena kuwa si kitu. Lakini Jumatano mjane alikuja vilevile, safari hii na uji ndani ya chupa. Ijumaa watoto wakaketi sakafuni kando ya kitanda chake na madaftari yao. Alijifunza kwamba kupokea nako ni utumishi, na ni mgumu kuliko kushika jembe.

Mkumbuke Ana katika Luka sura ya 2. Aliishi na mumewe miaka saba tu, kisha akawa mjane hata uzeeni. Hakuteka mji. Aliomba, akafunga, akangoja. Na mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, wengi walipita bila kujua; mama huyu mzee alimtambua, akawaambia wengine. Basi Mungu anaye mahali pa Kalebu mwenye nguvu, na anaye mahali pa Ana mwenye maombi.

Nanyi vijana, na wazee wa kanisa mnaopanga kamati, msingoje mazishi ndipo mseme mema juu ya mstaafu. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Mpigieni simu juma hili. Mwulizeni neno mnalotaka kujua kweli, kisha mkae mumsikilize.

Na wewe uliyestaafu, kesho usiulize, "Nilikuwa nani?" Uliza, "Ni mfereji gani ulioziba karibu nami?"

Na tuombe. Ee Baba, wape wazee wetu kazi ya kesho kwa kadiri ya nguvu za kesho. Wasioweza kusimama, uwatumie walipolala. Nasi utupe macho ya kuwaona. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.